Asili ya Jina Museveni, na kwa Nini ni Adimu

Jina la Rais wa Uganda lina neno la Kiingereza ndani yake. Najua wako watakaoshangaa kusoma hayo, maana jina lenyewe lasikika kuwa la Kinyankole tupu, tena limetajwa redioni kila siku tangu kabla hatujazaliwa sisi wa kidato cha sita. Lakini tulichambue kama tuchambuavyo maneno katika somo la lugha. Ondoa mu- ya mwanzoni, ambayo kwa Kiswahili ni m-, kama katika Mswahili au Mkristo. Ondoa na irabu i ya mwishoni, iliyotiwa kwa sababu ndimi zetu hazipendi neno likatike ghafula pasipo irabu. Kinachobaki ni seven, yaani saba. Museveni ni mtu wa Saba. Wakiwa wengi huitwa Abaseveni, Watu wa Saba.

Saba ipi? Ni Batalioni ya Saba ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wa Afrika Mashariki waliliita Keya. Katika vita kuu ya pili, iliyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945, vijana wengi wa Uganda waliandikwa katika batalioni hiyo. Vikosi vya Keya vilipigana na Wataliani katika Ethiopia mwaka 1941, vikavuka bahari kwenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 vilikuwa katika misitu ya Burma vikipambana na Wajapani. Basi mwaka huo huo wa 1944 ndipo alipozaliwa mtoto wa mfugaji Amos Kaguta na mkewe Esteri Kokundeka. Wakati huo habari za Abaseveni zilikuwa katika vinywa vya watu, na mtoto akapewa jina la askari hao. Mwenyewe ameyaeleza hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1997. Baadaye alisoma hapa hapa Mbarara, katika Mbarara High School na Ntare School, kwa hiyo twaweza kusema kwamba jina hili limeitwa katika madarasa ya mji wetu kabla halijaitwa katika Ikulu.

Jambo moja lanipendeza. Kinyankole kina neno lake la saba, nalo ni mushanju. Mbona watu hawakulitumia? Nadhani sababu ni kwamba katika jeshi hesabu ile ilikuwa imekwisha kuwa jina. Askari aliambiwa yeye ni wa Seven, kama mtu aambiwavyo yeye ni wa kijiji fulani, na jina la kijiji halitafsiriwi. Shule yetu iko upande wa Makenke, penye kambi kubwa ya jeshi, na mwenye masikio anaweza kusikia jinsi lugha ya askari ilivyojaa maneno ya namna hiyo: sajini, koplo, meja, batalioni. Yote yaliingia kwa mlango wa kambi. Hata majina ya mahali yamepita hapo. Katika vita kuu ya kwanza Waingereza walikuwa na jeshi la wapagazi lililoitwa Carrier Corps. Leo Kariakoo ni soko kubwa la Dar es Salaam, na Nairobi kuna Kariokor. Watu wanunuao mchicha na vitenge hapo hawafikiri habari za wale waliobeba mizigo ya vita mpaka wakafa njiani kwa maelfu.

Sasa, msomaji mwangalifu ataona kwamba mpaka hapa nimesema jina, sikusema jina la ukoo. Nimefanya hivyo kwa makusudi, na sehemu iliyobaki ya makala hii yategemea tofauti hiyo.

Katika Ankole ya desturi mtoto hapewi jina la baba yake. Hupewa jina lake mwenyewe, nalo hueleza jambo lililokuwako alipozaliwa, au sala ya wazazi, au shukrani. Tumusiime ni kusema tumshukuru. Mugisha ni baraka. Byaruhanga ni vya Mungu. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kwa herufi ya kwanza. Ukoo upo, tena una nguvu, na kila mtu anajua kama ni wa Abahinda, au Abashambo, au Abagahe, na anajua mwiko wa ukoo wake. Lakini ukoo hukaa katika kumbukumbu na maamkizi, haukai katika jina. Jirani zetu Waganda wanafanya vingine: kila ukoo wao una hazina ya majina yake, hata Muganda akisikia jina la mwenzake mara nyingi hutambua ukoo. Nao Wakikuyu wa Kenya humwita mtoto wa kwanza wa kiume kwa jina la babu mzaa baba, hivyo majina yale yale yarudi kila baada ya kizazi kimoja. Kwa Mnyankole jina haliko katika hazina wala halirudi kwa zamu. Linakuja na siku yake.

Waingereza nao hapo kale walikuwa na jina moja moja. Baada ya Wanormani kuishinda nchi yao mwaka 1066, desturi ya kurithi jina la baba ilianza kwa matajiri, kisha ikashuka kwa watu wote, na ilipofika mwaka 1400 hivi wengi wao walikuwa na majina ya kurithi. Mfua chuma aliitwa Smith, na mwanawe akaitwa Smith ingawa alikuwa mchungaji wa kondoo. Leo Smith ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Uingereza, kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mfua chuma. Lakini jina lililoanzia katika nyumba moja tu lilikuwa katika hatari. Likipata watoto wa kiume lastawi, likikosa lafa. Mtunzi mkubwa William Shakespeare alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Hamnet, aliyefariki mwaka 1596 akiwa na miaka 11. Mabinti walizaa, lakini hawakuweza kuliendeleza jina, na mjukuu wa mwisho akafariki mwaka 1670. Wako akina Shakespeare wengine, ila hao si uzao wake.

Wapenzi wa hesabu watafurahi kujua kwamba jambo hili limepigiwa hesabu. Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza katika gazeti la Educational Times majina ya ukoo yanakufaje, akajibiwa na mchungaji Henry William Watson, na mwaka 1874 wakatoa makala yao kwa pamoja. Tujaribu hesabu nyepesi ya namna yao. Tuseme wako wanaume 27, kila mmoja na jina lake, na kila mwanaume ana nafasi sawa ya kutopata mtoto wa kiume, kupata mmoja, au kupata wawili. Kizazi cha kwanza theluthi moja hawana mrithi: majina 9 yamekwisha. Kizazi cha pili, jina linaweza kufa kwa njia tatu: mtu hakupata mwana, au alipata mmoja, naye huyo hakupata, au alipata wawili, nao wote wawili hawakupata. Jumlisha 1/3 na 1/9 na 1/27, utapata 13/27. Majina 13 yamekwisha. Endelea hivyo hivyo kizazi cha tatu, utapata 1249/2187, yaani zaidi ya nusu. Wala hapakuwa na vita wala tauni! Idadi ya watu kwa wastani haikupungua, lakini majina yamepukutika kama majani ya kiangazi. Ndiyo sababu nchi zenye kurithi majina huwa na majina machache yaliyoenea sana, na mengine adimu yanayochungulia kaburi.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilitaka kuipima kwa jina Museveni, nikaona haipimiki. Tazama nyumba yenyewe. Baba ni Kaguta. Ndugu yake Rais ni Caleb Akandwanaho, ajulikanaye zaidi kwa jina la Salim Saleh. Mwanawe, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1974, ni Muhoozi Kainerugaba. Hakuna Museveni hata mmoja hapo! Anayelibeba ni mkewe, Janet Kataaha Museveni, kwa desturi ya wanawake wa Kiingereza kuchukua jina la mume. Kwa Galton nyumba yenye mwana wa kiume haipotezi jina. Kwetu nyumba yaweza kujaa wana na wajukuu, na jina likabaki kwa mtu yule mmoja, kwa kuwa halikuwa la nyumba hata siku ya kwanza.

Kwa hiyo uadimu wa Museveni si uadimu wa jina linalokufa. Ni uadimu wa jina la majira. Lilikuja pamoja na vita, na vita vilipokwisha sababu ya kulitoa ikapungua. Nimepitia daftari la majina la darasa letu na la bweni letu: akina Mugisha na Tumusiime wamo, wamejirudia, kwa maana baraka na shukrani hazina mwaka wake, Museveni hamna. Jina la namna hii linaweza kurudi kwa sababu moja tu, nayo ni sifa ya mtu. Mwaka 2008 Barack Obama alipochaguliwa Marekani, wazazi wa upande wa Kisumu waliwaita watoto wao waliozaliwa wiki ile kwa jina lake. Hao si jamaa zake. Ni watoto wa habari ile, kama yule mtoto wa 1944 alivyokuwa wa habari ya Abaseveni.

Na jina hilo la Obama latufundisha upande wa pili. Wajaluo nao humpa mtoto jina la wakati wake. Onyango ni aliyezaliwa jua likipanda, Odhiambo ni wa jioni. Obama alikuwa mtu, mzee wa Kijaluo. Alimzaa Onyango. Onyango akamzaa Barack wa kwanza, ambaye mwaka 1959 alikwenda kusoma chuo kikuu Hawaii. Huko Marekani jina la mwisho ndilo jina la ukoo, hakuna maswali. Basi jina la babu yake likamshukia mwanawe, na kwa mwanawe likawashukia wajukuu wa kike, Malia na Sasha. Mzee Obama, ambaye kwa desturi yake angalikuwa jina katika orodha ya mababu, amegeuka kuwa ukoo mzima ng'ambo ya bahari. Aliyemgeuza ni karatasi.

Karatasi ndiyo inayonileta Nakivale, ambako nilizaliwa. Makazi ya Nakivale yako kando ya ziwa la jina hilo, katika wilaya ya Isingiro, kusini ya Mbarara. Yalianza mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wa kwanza kupokewa walikuwa Wanyarwanda. Leo wako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine. Sijui kama yuko mwalimu awezaye kufundisha habari za majina vizuri kuliko foleni ya chakula ya Nakivale.

Akisimama Mrundi aitwaye Ndayishimiye, jina lake ni sala ya kumshukuru Mungu. Nduguye aliye nyuma yake aweza kuwa Nkurunziza, habari njema. Nyuma yao yuko Msomali mwenye majina matatu: la kwanza lake, la pili la baba, la tatu la babu, na la kumtaja ni la kwanza. Mwethiopia ana lake na la baba. Yule mkimbiaji hodari aliyeshinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu, Abebe Bikila, alikuwa Abebe; Bikila ni baba yake, naye hakukimbia mahali. Halafu twaja sisi Wakongo. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha kuwa Joseph-Désiré. Watu wakalazimika kutafuta majina ya Kiafrika ya kujaza nafasi, na baadaye ya ubatizo yaliporudi, Mkongo akawa na majina matatu ambayo huenda hakuna hata moja la baba yake. Kwetu upande wa mashariki mengi ni ya Kiswahili, kama Bahati, Furaha, Riziki, Amani. Liko na Byamungu, ambalo ni lile lile Byaruhanga la Ankole, vya Mungu, mtu na pacha wake aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka.

Sasa weka watu hao wote mbele ya karatani mmoja mwenye fomu yenye nafasi iliyoandikwa jina la ukoo. Fomu haikutungwa kwa ubaya. Ilitungwa na watu ambao kwao Smith mwana wa Smith ni jambo la kawaida kama mvua. Karatani anaandika anachoweza: kwa huyu jina la mwisho, kwa yule jina la baba, kwa wa tatu jina la kwanza, kulingana na siku na uchovu.

Nyumbani kwetu tu ndugu wanne, na hakuna mwenye jina la mwenzake. Dada yetu mkubwa ni Furaha, kwa kuwa alizaliwa baada ya mama kukaa miaka mingi bila mtoto. Mdogo wetu wa mwisho ni Subira. Alizaliwa mwaka 2020, shule zote za Uganda zimefungwa kwa ajili ya korona, na baba alisema tutangoja. Tukangoja kweli, mpaka Januari 2022. Mimi katika karatasi niliandikiwa jina la baba kuwa la ukoo. Furaha hakuandikiwa. Miaka kumi na mingapi haikuwa neno, mpaka alipotimiza miaka 18 na kuitwa peke yake katika ofisi moja. Pale aliambiwa kwamba kwa majina yaliyopo yeye si wa nyumba hii, na kwamba jina lake latolewa katika orodha ya jamaa mpaka athibitishe. Mama alikwenda akasema, huyu nimemzaa mimi. Akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba hilo si la kusema, ni la kuandika. Ilichukua miezi 11, na safari nyingi za kwenda Mbarara na kurudi, kabla dada yangu hajawa tena dada yangu.

Wako wanaosema dawa ni sote tuchukue majina ya ukoo kama Waingereza, yakaisha. Waturuki walifanya hivyo kwa sheria mwaka 1934: kila nyumba ilitakiwa kuchagua jina la kurithi. Mkuu wao Mustafa Kemal alipewa jina la Atatürk, na sheria ikakataza mtu mwingine yeyote kulitumia. Huo ndio uadimu wa mwisho, jina la mtu mmoja kwa amri. Sipendi dawa hiyo. Mama akiniita, aniita kwa jina alilonipa kwa sababu aliyoijua yeye, na sioni kwa nini mtoto wangu abebe sababu ya siku yangu badala ya kupata ya siku yake. Hata hivyo sidhani kwamba karatasi zitatungoja. Tayari hapa shuleni wako wengi ambao baba zao wamewapa majina yao wenyewe yawe ya mwisho, ili njia ya pasipoti na ya chuo kikuu iwe nyepesi. Kizazi hiki ndicho chenye kuamua, na wengi wanaamua dirishani kwa karatani, bila kukaa kitako.

Mzazi akitaka kuongeza jina lake kwa watoto, na aongeze kwa wote siku moja, au asiongeze kwa yeyote. Atakayebadili jina akiwa ametimiza miaka 18, sheria ya mwaka 2015 ya uandikishaji wa watu nchini Uganda yampa njia: hutangaza nia yake katika Gazeti la Serikali, kisha hupeleka maombi kwa msajili. Na ninyi wa kidato cha tatu mtakaoandikishwa kwa mtihani mwakani, yaandikeni majina kwa mpangilio ule ule ulio katika karatasi za nyumbani, herufi kwa herufi. Mkiwa na ndugu katika shule nyingine, mwandikieni kwanza, mjue yeye ameandikaje.